Mtaa unaopitika kwa miguu: mwongozo kamili kwa mitaa ya Mtwara na Lindi

Watu wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuhamasishwa watembee. Wanatembea tayari: mwanafunzi anakwenda shule, mama anakwenda sokoni, mgonjwa anakwenda hospitali ya Ligula au ya Sokoine. Kinachowashinda ni njia inayokatika. Mita mia mbili safi, halafu mtaro ulio wazi, halafu bodaboda tano zimeegeshwa juu ya njia, halafu hakuna njia kabisa na mtu anashuka kwenye lami kukutana na lori la korosho. Njia ya miguu hupimwa kwa sehemu yake mbaya kuliko zote. Mwongozo huu ni wa viongozi wa mitaa, walimu, mafundi na wakazi wanaotaka kuanza na kipande kimoja na kukimaliza.

Kwanza ujue uko kwenye mtaa wa aina gani, maana dawa hazifanani. Katikati ya Mtwara mji ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Waingereza walipojenga bandari na reli kwa ajili ya mpango wao wa karanga. Barabara zake ni pana, zimenyooka, na jua halina pa kujificha. Upana huo ni mali, lakini pia ndio unaomfanya dereva akanyage mafuta. Mikindani ni kinyume: vichochoro vya mji wa kale, nyumba za mawe ya matumbawe, kivuli cha kuta, lami nyembamba. Lindi nayo inateremka kutoka Mtanda hadi baharini, na adui wake mkubwa ni maji na mwinuko.

Chagua njia moja, uitembee

Chukua kipande cha mita 400 hadi 600 kinachounganisha mahali watu wanapoishi na mahali wanapolazimika kwenda: shule, soko, stendi, hospitali, msikiti. Usichague barabara nzuri kwa picha. Chagua ile inayowatesa watu kila siku.

Itembee mara nne kabla ya kuandika chochote: saa 12:30 asubuhi wanafunzi wakienda shule, saa 8 mchana jua likiwa kali, saa 1:30 usiku, na mara moja mvua ikinyesha. Ile ya mvua ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayofundisha zaidi. Nenda na mzee mmoja, mtu anayetumia kiti cha magurudumu, na mtoto wa darasa la kwanza. Hao watatu wataona vitu ambavyo injinia mwenye miguu mizima hataviona.

Kila mita 50, ambazo ni takriban hatua 65 za mtu mzima, simama upime kwa futi kamba: upana wa njia ulio wazi kweli, baada ya kutoa nguzo, meza na mabango, kimo cha ukingo, kina na upana wa mtaro, na kama una mfuniko, kivuli kipo au hakipo. Piga picha moja kila kituo, ukitazama upande uleule.

Halafu pima mwendo wa magari. Huhitaji mashine ya trafiki. Weka alama mbili za chokaa pembeni mwa barabara, mita 50 kati yake. Mtu mmoja asimame kwenye alama ya kwanza na kushusha mkono gari linapopita. Wa pili kwenye alama nyingine ahesabu sekunde kwa simu. Gawanya 180 kwa sekunde hizo, utapata kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni kilomita 30, sekunde 3.6 ni kilomita 50, ambao ndio ukomo wa kisheria kwenye makazi. Pima vyombo 30 visivyozuiwa na foleni, ukitenganisha bodaboda, bajaji, magari madogo na malori. Simameni pembeni bila kujionyesha na bila kuvaa vizibao vya kung'aa, maana dereva akiwaona anapunguza mwendo na vipimo vyenu vinakuwa vya uongo.

Namba hizi ndizo zitakazozungumza mkutanoni. Gari la kilomita 30 kwa saa, dereva akichukua sekunde moja kushtuka, husimama ndani ya mita 13 hivi kwenye lami kavu. Kwa kilomita 50 linahitaji karibu mita 28. Mtoto aliyetokeza mita 20 mbele anakoswa na gari la kwanza na kugongwa na la pili.

Jua barabara ni ya nani

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Mitaa mingi ya ndani iko chini ya TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017. Halmashauri ya manispaa inahusika na masoko, stendi, wafanyabiashara wadogo, usafi na miti. Nguzo ni za TANESCO, mabomba ni ya MTUWASA kwa Mtwara na LUWASA kwa Lindi. Barua iliyopelekwa ofisi isiyohusika hukaa mezani hadi inajikunja, kwa hiyo uliza kwanza kwa mtendaji wa mtaa.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Hakikisha hoja yenu imepita mkutano mkuu wa mtaa na kamati ya maendeleo ya kata kati ya Oktoba na Desemba. Ikifika Machi, mnasubiri mwaka mwingine. Barua iwe ya kurasa mbili: ramani ya kuchora kwa mkono, jedwali la vipimo, picha sita, na maombi yaliyotajwa kimojakimoja pamoja na mahali pake. "Tunaomba kuboreshewa barabara" haisaidii. "Tunaomba tuta bapa mbele ya geti la shule na mifuniko ya mtaro mita 60 upande wa mashariki" ndiyo inayoweza kuwekewa bei.

Onyo moja hapa. Mtoto akigongwa, kuna mitaa ambako vijana huamka usiku na kujenga tuta la udongo na magogo. Hasira inaeleweka, lakini tuta hilo halina alama wala kipimo, na wa kwanza kuliangukia huwa ni bodaboda mwenye abiria. Pia ni kosa kisheria. Kama hali ni ya dharura, mwenyekiti wa mtaa aombe TARURA na polisi wa usalama barabarani waruhusu jaribio la muda, kama linavyoelezwa baadaye.

Mtaro na kivuli kabla ya rangi

Ukiona mpango unaoanza na kupaka pundamilia, uliza mtaro umefanywaje. Mvua za kusini huanza karibu Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na miezi hiyo mtaro ndio unaoamua kama njia ipo. Habari njema ni kwamba mtaro uliofunikwa vizuri ni njia ya miguu tayari. Hakuna njia ya bei nafuu zaidi kuipata.

Tuchukue mtaro wenye mdomo wa sentimita 75. Mfuniko uwe na urefu wa mita 1, upana sentimita 50, unene sentimita 10, ukikaa sentimita 12 hivi juu ya kila ukuta. Kipande hicho kina uzito wa karibu kilo 120, kwa hiyo watu wanne wanakiinua wakati wa kusafisha. Ukikitengeneza cha mita moja kwa mita moja, hakitainuliwa tena, na mtaro utaziba chini yake bila mtu kujua.

Kwa mita 10 za mtaro unahitaji mifuniko 20, yaani meta moja ya ujazo ya zege. Mchanganyiko wa 1:2:4 unataka mifuko 7 ya saruji ya kilo 50, mchanga karibu meta za ujazo 0.45 na kokoto 0.9. Nondo za milimita 10: kila mfuniko upate nne ndefu za sentimita 94 kuelekea upande unaovuka mtaro, na sita fupi za sentimita 44 juu yake. Nondo 12 za mita 12 zinatosha kwa mifuniko yote 20. Kila mfuniko uwekewe matundu mawili ya bomba la inchi moja, ya kupitishia ndoano.

Sasa makosa, na hapa ndipo fedha za mitaa hupotelea. Nondo zinakaa chini ya mfuniko, si katikati wala juu, kwa sababu uzito wa mtu huvuta zege upande wa chini. Zinyanyue sentimita 3 kutoka kwenye ubao kwa vijiwe vya saruji, si kwa vipande vya mbao. Mchanga wa ufukweni usiuguse: chumvi yake inakula nondo, nondo inavimba, mfuniko unapasuka kutoka ndani. Maji yasizidi, zege inayomwagika kama uji ni dhaifu. Mwagilia siku saba mfululizo chini ya magunia, na usiruhusu mzigo kabla ya wiki mbili. Penye geti la gari, mfuniko wa sentimita 10 utavunjika. Hapo weka unene wa sentimita 15 na nondo za milimita 12, na bora fundi sanifu wa manispaa aukague.

Kati ya mfuniko na mfuniko acha upenyo wa sentimita moja maji yaingie, isizidi hapo. Upenyo wa sentimita tatu hunasa gurudumu dogo la kiti cha walemavu na ncha ya fimbo nyeupe.

Upande wa kivuli, jua la huku lina tabia yake. Mtwara iko takriban digrii 10 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu Oktoba 20 jua la saa sita linapita upande wa kaskazini. Kwenye barabara inayokwenda mashariki hadi magharibi, panda miti kwanza kwenye njia ya upande wa kusini, katika ukanda ulio kati ya lami na njia. Kivuli kitawaangukia wapita njia. Kwenye barabara ya kaskazini hadi kusini anza na upande wa mashariki, kwa sababu jua la alasiri hutoka magharibi na kusukuma kivuli juu ya njia hiyo. Njia ya upande mwingine mara nyingi inasaidiwa na kuta na varanda za maduka.

Mwarobaini unavumilia mchanga, chumvi na kiangazi, na ndio chaguo la kwanza. Mkungu una kivuli kizuri mno lakini unataka nafasi, na makungu yake huwafanya watoto wasimame barabarani kuokota. Mwembe huleta mawe ya kurushwa. Mnazi uachieni shamba. Nazi ikianguka haichagui kichwa. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kina hichohicho, changanya udongo wa juu na debe mbili za mboji au samadi iliyooza, panda mvua zikishashika, mti hadi mti mita 8 hadi 10. Udongo wa Mtwara ni wa kichanga, maji yanapita kama hayakuwekwa; tandaza majani makavu shinani. Lita 20 kila baada ya siku tatu wakati wa kiangazi, miaka miwili ya mwanzo. Zungushia kila mche uzio wa kuzuia mbuzi wenye kimo cha mita 1.5. Miche mingi ya mijini haifi kwa ukame, inaliwa. Kila mche upewe nyumba au duka lenye jina kwenye daftari la mtaa.

Upana wa njia

Gawa nafasi kutoka kwenye lami kwenda ndani: ukanda wa mita 1 hadi 1.2 kwa miti, nguzo na vibao. Halafu mita 1.8 ambazo hazina kitu chochote, mchana na usiku. Halafu, kama ipo, nusu mita hadi mita moja mbele ya maduka. Mita 1.8 si anasa: ndiyo inayopitisha viti viwili vya magurudumu vikipishana, au mama mwenye beseni kichwani akipishana na mwenzake. Penye nguzo isiyohamishika unaweza kushuka hadi mita 1.2 kwa hatua chache tu. Mitaa ya Mtwara inayo nafasi hiyo. Ikiwa lami yenyewe ni pana kupita kiasi, njia ya gari ya mita 3 hadi 3.25 inatosha kwa mitaa ya ndani, na kinachobaki kirudi kwa wenye miguu.

Wachuuzi wasifukuzwe. Mtaa wenye mama lishe na muuza matunda una macho, na mtaa wenye macho ni salama kwa binti anayerudi twisheni. Chora mstari pamoja nao, meza zikae ndani ya ukanda wa miti au wa maduka, na mstari huo usivukwe. Mkiwaita kwenye kikao baada ya kuchora, mmechelewa.

Matofali ya pevingi yawe ya unene wa sentimita 6 kwa watu, 8 panapopita gari. Njia ya mita 100 kwa 2 inachukua tofali 10,000 za sentimita 20 kwa 10. Chini yake kifusi kilichoshindiliwa sentimita 10 hadi 15, kisha mchanga sentimita 4. Wasioshindilia hupata mabonde msimu wa kwanza wa mvua. Njia iinamie kidogo upande wa mtaro, sentimita 2 kwa kila mita.

Penye geti, njia ibaki palepale na gari ndilo lipande. Fundi wengi hufanya kinyume: wanaikata njia kila geti, na mtembea kwa miguu anapanda na kushuka mara ishirini ndani ya mita mia tano. Penye kuvuka barabara, mteremko uwe wa 1 kwa 12: ukingo wa sentimita 15 unataka mteremko wa mita 1.8.

Kuvuka

Weka kivuko mahali watu wanapovuka sasa, si pale panapopendeza kwenye mchoro. Simama nusu saa uchore mistari ya nyayo zao. Njia ya mkato itajionyesha.

Barabara ya mita 7 humchukua mtoto au mzee sekunde 7. Gari la kilomita 50 linakuwa limekula karibu mita 97 kwa muda huo. Ndiyo maana rangi peke yake haitoshi, na dereva wa kwetu anajulikana. Kivuko kizuri kwa mitaa hii ni tuta bapa: kimo sentimita 10, sehemu ya juu iliyo bapa mita 4, na mteremko wa mita 1 hadi 1.5 kila upande. Mistari ya pundamilia inakaa juu yake, upana wa sentimita 50 na nafasi ya sentimita 50. Ili mwendo ubaki karibu kilomita 30, matuta yasiachane zaidi ya mita 80 hadi 100. Kwenye njia ya magari ya wagonjwa ya kwenda hospitali, tuta bapa ni bora kuliko tuta jembamba linalomrusha mgonjwa.

Tuta huzuia maji. Acha mfereji au bomba pembeni, la sivyo mvua ya kwanza itatengeneza dimbwi palepale watoto wanaposubiri. Alama ya tuta iwekwe mapema, na tuta lipakwe rangi ya barabarani yenye chembe za kioo zinazong'aa kwenye taa. Rangi ya ukutani hufutika ndani ya miezi michache, na tuta lisiloonekana usiku ni mtego.

Barabara pana zaidi iwekewe kisiwa katikati, upana mita 2, kikiwa na uwazi ulio sawa na lami. Mtu anavuka nusu, anapumua, anavuka nusu nyingine. Kona za mitaa zipunguzwe ziwe na nusu kipenyo cha mita 3 hadi 5, gari likate kona polepole.

Kituo cha daladala na kijiwe cha bodaboda viwe baada ya kivuko, kwa uelekeo wa gari, angalau mita 10. Vikiwa kabla, gari lililosimama linamficha mtoto, na anayelipita haoni kitu. Badiliko hili ni la bure na linaokoa watu zaidi ya vibao kumi.

Kabla ya kumwaga zege, jaribuni. Kwa kibali, panga matairi yaliyopakwa rangi nyeupe na mapipa yenye mchanga kuonyesha kisiwa na kona mpya, wiki tatu, kisha pimeni tena mwendo kwa njia ileile ya mita 50. Mradi wa usalama barabarani wa SARSAI wa shirika la Amend, uliopata tuzo ya WRI Ross mwaka 2019 kwa kazi yake kwenye shule za Afrika ikiwemo Dar es Salaam, ulijengwa kwa vitu vidogo vya namna hii: njia ya miguu, matuta, alama, na wakati mwingine kuhamisha geti la shule litazame mtaa mtulivu.

Vichochoro vya Mikindani na miteremko ya Lindi

Kwenye kichochoro cha mita 4 usijenge njia ya pembeni. Utaharibu vyote viwili. Kiache kiwe sakafu moja ya watu wote, na uzuie magari kwa nguzo fupi zenye nafasi ya mita 1.2 kati yake: kiti cha magurudumu na mkokoteni mwembamba hupita, bajaji haipiti. Nguzo moja iwe ya kung'oka kwa ufunguo kwa ajili ya zimamoto na jeneza. Usiinue sakafu ya kichochoro juu ya msingi wa nyumba za zamani. Maji yatageukia kuta za matumbawe na chokaa, na ukuta uliokaa zaidi ya miaka mia utaanza kumomonyoka.

Lindi, kwenye mteremko mkali, jenga ngazi na njia ya kuzunguka kwa pamoja. Kipandio kisizidi sentimita 15, mahali pa kukanyaga sentimita 30 au zaidi, na kila ngazi 10 hadi 12 pawe na uwanda wa kupumzika. Mkono wa kushikilia uwe na kimo cha sentimita 90. Mfereji wa maji upite pembeni mwa ngazi, kamwe usipite juu yake. Ngazi inayogeuka maporomoko kila mvua huota ukoga na kuvunja viuno.

Taa, viti na watoto

Nguzo ya taa ya mita 5 iwe kila mita 18 hadi 20, na taa moja iwe mita chache kabla ya kivuko, upande gari linakotokea, imulike mwili wa anayevuka. Taa za jua ziwekewe betri ya kubadilishwa na bajeti yake. Betri huchoka miaka michache baadaye, na mtaa hurudi gizani huku nguzo zimesimama. Kiti cha zege chenye kimo cha sentimita 45 kila mita 200, chini ya mti.

Wazazi wanaoogopa kuwaacha watoto watembee, waanzishe msafara: mtu mzima mmoja kwa watoto wanane hadi kumi, njia moja, vituo vya kuwachukua, saa isiyobadilika. Anza na siku mbili za wiki.

Matunzo

Kila Oktoba, kabla ya mvua, inueni mifuniko yote kwa ndoano na kuzoa mchanga. Ndoano zikae ofisini kwa mtendaji, si kwa fundi aliyejenga. Matawi yafyekwe hadi kimo cha mita 2.2. Rangi ya kivuko irudiwe shule zikiwa zimefungwa, na mfuniko wowote uliovunjika ubadilishwe ndani ya wiki. Kwa hiyo mnapojenga mara ya kwanza, tengenezeni mifuniko minne ya akiba kwa kila mita 50 na kuipanga nyuma ya ofisi ya mtaa, ikiegemezwa kwa ubavu.